Jicho la Uani

24 Machi

Leo nimeletewa mtoto mpya. Ana jicho moja, hali, halali na hasemi shikamoo. Wamempigilia misumari uani kwangu, juu ya mlango wa jiko. Ndugu zake wawili wako getini na sebuleni, na huyu wa sebuleni anachungulia mpaka jikoni. Mtu mzima mie, mwalimu mstaafu, somo, kungwi niliyewafunda wanawali wa nusu ya Tandika hii, nimeanza kuchungwa kama mbuzi.

Hii kazi ya mwanangu Farhan, aliyeko Maskati na mkewe Lulu na watoto wao. Katikati ya Ramadhani niliteleza bafuni, nikabaki chini mpaka jirani yangu Chausiku aliponisikia nikiita. Kosa langu nikamsimulia Farhan. Akasema, "Mama usijali, naleta suluhisho." Nilidhani suluhisho ni yeye kupanda ndege. Kumbe linakuja limefungwa kwenye boksi.

Fundi aliyezifunga hizo kamera anaitwa Gaudens, mtu wa bara, mpole, kanikalia kitako kunieleza. "Bibi, haya ndiyo maisha yanakoelekea. Miaka michache tu mbele, kila nyumba itakuwa na macho."

Nikamuuliza swichi ya kuzimia iko wapi.

"Ya kuzima anayo braza, kwenye simu yake, hukohuko Omani."

Tangu hapo sikumpenda tena, hata chai aliyobakisha niliimwaga.

26 Machi

Mvua kutwa. Nguo hazikauki.

28 Machi

Nilipanda kigoda kutafuta pilipili manga juu ya kabati. Ukuta ukafoka, "Mama, shuka hapo!" Nikashuka kweli, kwa makalio.

"Si unaona sasa?" ukuta ukasema. "Ningekuwa sikuoni ingekuwaje?"

Ungekuwa hunioni ningepata pilipili manga yangu nikashuka salama. Nilimjibu hivyohivyo, akacheka. Mie sikucheka. Sasa nimegundua anaweza kusema muda wowote anaotaka, na mie kumpata mpaka nipige simu, nayo mara nyingi "yuko kwenye kikao".

30 Machi

Leo kaniudhi hasa.

Chausiku na mie tunapakana ukuta na tunapakana maisha. Waume zetu walizikwa mwaka mmoja. Kwetu mtu haombi chumvi. Anaingia jikoni anachukua, na kesho mie naingia kwake nachukua ndimu. Leo kaja, kapita moja kwa moja kwenye kopo la sukari. Mara ukutani: "Mama! Mama uko wapi? Kuna mtu jikoni anachukua vitu!"

Kopo likamtoka Chausiku mkononi. Alisoma A'udhu mpaka mwisho kabla hajaelewa ni nani anayesema. Alipoelewa ikawa mbaya zaidi.

"Farhan huyu huyu? Niliyekuwaga namwogesha kwenye beseni langu? Leo mie mwizi?"

"Samahani Ma Chausiku, sikukutambua, ulikuwa umenipa mgongo," ukuta ukasema.

"Sasa nije kinyumenyume, baba, ili unitambue?"

Sukari ilibaki sakafuni, akaondoka mikono mitupu. Nimemtumia Farhan maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika. Nawaza vilevile kwamba huu utakuwa ni mpango wa Lulu. Yule msichana wa Kunduchi tangu zamani anajua kumwendesha mume.

2 Aprili

Jana baada ya Isha nilitwaa kanga nikamfunika yule wa uani, na wa sebuleni nikamvisha soksi. Nikalala kama binti.

Asubuhi sijamaliza kunawa uso nikasikia komeo la geti linavunjwa. Akaingia Mwinshehe, mjumbe wetu, na wanaume nyuma yake, mmoja kashika rungu. Mie niko na kanga moja, povu masikioni.

"Shikamoo Bi Mwanabaraka! Mwanao kapiga simu, kasema umevamiwa, nyumba imekuwa giza."

"Marahaba. Nimevamiwa kweli, na wavamizi nawaona."

Waliona haya, wakatazama chini. Komeo hawakulitengeneza. Farhan, badala ya kuniomba radhi, ananiomba nisimtishe tena. Anasema moyo ulikuwa unamwenda mbio. Sasa nikitaka kujisitiri nyumbani kwangu, mwanangu anaugua moyo na mtaa unavunja geti langu.

5 Aprili

Nusaiba, mjukuu wa Chausiku, anaolewa tarehe kumi na saba, kabla Mfungo Mosi haujaisha, na mie ndiye somo wake. Singo, kumsugua mwali manjano na liwa, tunaanza Alhamisi.

Chausiku alitaka tufanyie kwake. Uani kwake maji yamesimama mpaka kwenye kizingiti, na kuta zake fupi, kila apitaye njia anachungulia. Kwangu kuna sakafu ya saruji na ukuta mrefu. Tangu mama yangu alipokuwa somo, wanawali wa mtaa huu wanasingwa uani hapa.

"Na lile dude lako?" akauliza.

Nikampigia Farhan mbele yake, nikafungua sauti asikie mwenyewe. Farhan akasema, "Nitaizima huku tangu asubuhi mpaka Magharibi, wallahi. Kwani mie sijui mambo ya kina mama?"

Chausiku bado alikuwa anauma mdomo. Nikamwambia, "Shoga, nakupa neno langu." Hapo akakubali, kwa sababu neno langu halijawahi kurudi. Kazi hii ya usomo ndivyo ilivyo. Huna cheti wala ofisi. Una mdomo uliofungwa na uani uliofungwa, na kimoja kikifunguka huna kazi tena.

7 Aprili

Mvua. Nimetwanga liwa mpaka bega linauma. Gaudens kaonekana anafunga macho nyumba mbili za ng'ambo ya barabara. Kanipungia mkono, nami nikajifanya nafukuza kuku.

9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Lakini nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi nilimtazama yule wa uani. Kitaa chake chekundu kilikuwa kimezimika. Nilimwita, "Farhan! Farhan!" Kimya. Nikaridhika. Kumbe taa na jicho ni vitu viwili.

Wanawake walifika baada ya Adhuhuri, mvua imepumzika. Mabuibui na mitandio yote ikatundikwa kwenye kamba. Watu wazima wenye wajukuu walibaki na vigauni vya ndani, nywele nje, wanacheka kama wasichana wa shule. Nusaiba tulimkalisha kwenye mkeka, kajifunga kanga chini ya kwapa, mabega wazi. Nilianza mwenyewe na mikono, kisha mgongo, singo ya manjano imechanganywa na marashi, uani kote kunanukia. Chausiku akapiga kigoma. Nikaimba zile nyimbo ambazo haziimbwi mahali pengine. Mmoja akaingia kati kucheza kama tunavyocheza tukiwa peke yetu, na Nusaiba akaficha uso kwa haya na kicheko.

Hapo adhana ikalia.

Kwa mazoea tu kila mmoja alikimbilia mtandio wake, kigoma kikanyamaza. Allahu akbar, Allahu akbar, sauti nzuri, karibu kabisa. Chausiku ndiye aliyeshtuka wa kwanza.

"Mbona mapema? Msikiti wetu haujaadhini."

Tukasikiliza. Kweli, msikiti wetu ulikuwa kimya. Saa ya ukutani sebuleni ilikuwa imepita kidogo tu nane na nusu. Adhana ilikuwa inatoka juu ya mlango wa jiko.

Nilielewa kabla yao na nikatamani ardhi inimeze. Maskati wametutangulia saa nzima. Alasiri ya kwao ilikuwa imeingia, ya kwetu bado. Mahali ilipokuwa ile adhana ndipo alipokuwa aliyelifungua jicho. Mara nikasikia kikohozi. Nimekilea kifua hicho tangu kina pumu, nakijua katika vikohozi vyote vya dunia.

"Farhan?"

Nikasogea chini ya lile jicho.

"Farhan, mwanangu, upo hapo?"

"Mama... nazima sasa hivi."

Sitausahau ule ukelele. Mabuibui yalivutwa mpaka kamba ikakatika. Mmoja alijifunika kwa kapu. Nusaiba alijitupa kifudifudi kwenye mkeka na hakuinuka, akawa analia kwa sauti ya mtoto mdogo. Chausiku alimvika buibui lake mwenyewe, akamwinua, akamtoa nje. Mvua ilikuwa imeanza tena. Bibi alitembea na kigauni chake na mtandio kichwani, mjukuu singo inamchirizika miguuni, njia yote mpaka kwao, na watu wapo.

Kwenye geti aligeuka. Hakuniita shoga.

"Bi Mwanabaraka, ulinipa neno lako," akasema.

10 Aprili

Farhan kapokea mwito wa kwanza. Leo hakuwa na kikao.

"Mama, sikuangalia. Wallahi simu nilikuwa nimeilaza mezani kifudifudi. Nilitaka kusikia ngoma tu. Huku mie ni kazini na kulala, kazini na kulala. Kidole kimegusa pa kusemea bila kujua."

"Uliapa utazima."

"Nilizima taa."

"Kwa nini ulizima taa?"

Alizima taa ili tusijue. Mtu anayesikiliza kwa bahati mbaya hazimi taa kwanza.

Nikamuuliza yaliyoonekana yamekwenda wapi. Anasema yamehifadhiwa. Wapi? Mtandaoni. Mtandaoni kwa nani? Akaanza kunifundisha kama Gaudens, kwamba ni salama, kwamba kuna namba ya siri. Siri ipi tena, namwuliza, iliyo na namba, na namba unayo wewe?

Ndipo akanitolea hili. "Mama, nyumba hiyo nimeijenga mie. Sina haki hata ya kuisikia?"

Ameijenga, ndiyo. Alibomoa vyumba vya baba yake akaweka matofali na vigae. Nikamwambia, "Mabati ni yako, njoo uyang'oe. Uani ni wa mama yangu." Nikakata simu. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu.

11 Aprili

Hajaja mtu.

12 Aprili

Hajaja mtu. Dukani wananijibu kwa adabu tu. Wanasema kuna video inatembea. Hakuna aliyeiona, ila kila mmoja ana shemeji aliyeiona.

13 Aprili

Mwinshehe kaja, safari hii kasimama nje mpaka nikamkaribisha. Kaleta ujumbe wa upande wa bwana harusi. Wanasema hawana ugomvi na binti, lakini ndoa haifungwi mpaka wajue picha za mkwe wao ziko kwa nani. Wanataka Farhan mwenyewe aje, aitoe hiyo simu mikononi mwa Chausiku, aape mbele ya wazee kwamba hakuna kilichobaki.

"Hawezi kuapa kwa simu?" nikauliza.

"Bibi, si simu ndiyo iliyotufikisha hapa?"

Ana haki. Akaniongezea kwa sauti ndogo kwamba Nusaiba hatoki chumbani na hali. Nimeshindwa kula na mie.

14 Aprili

Lulu kapiga. Nilitaka nisipokee.

Kaniambia yeye alikataa tangu mwanzo. Alimwambia mumewe, weka getini, weka sebuleni, uani usiweke, uani ni kwa wanawake. Farhan hakumsikia. Miaka yote hii nimemsingizia huyu mtoto wa watu. Nilimwambia, na yeye akasema, "Najua mama. Ulikuwa unanisema sebuleni kwa sauti."

Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa kooni. Kila jioni wanapokula wanafungua televisheni na kuniweka mie. Nikikaa na sahani yangu sebuleni, wao wako mkekani kwao wanakula, wananitazama. Watoto wananiita bibi wa ukutani. Farhan akiniona nimekula vizuri ndipo naye anakula.

Lulu alidhani hilo litanilainisha. Sie tumefundishwa tangu hatujaota meno, ukila mbele ya mtu mwambie karibu, hata kama ni muhogo mkavu. Mwanangu kala mbele yangu jioni zote hizo na hakuniambia karibu. Mie nilikuwa nakula peke yangu, nahesabu miiba ya samaki, na kumbe nyumba ilikuwa imejaa watu. Kama hayo ndiyo maisha yanakoelekea, basi tutafika tukiwa na njaa.

Kasema Farhan ameomba ruhusa kazini. Anakuja.

15 Aprili

Nimemwita Gaudens ayang'oe macho yote. Akasema bila braza kuruhusu hawezi, ishu itakuwa kwake. Nikaingia jikoni nikatoka na mchi. Wa uani alishuka kwa pigo la kwanza. Wa sebuleni alikuwa mbishi. Wa getini Gaudens alimtoa mwenyewe kwa bisibisi, alipoona namsogelea.

16 Aprili

Kaja.

Nilikuwa nachambua mchele ukumbini. Mvua inapiga mabati. Nikasikia, "Hodi!"

Sauti hiyo sikuwa nimeisikia getini kwangu tangu sijui lini. Moyo uliniruka, niseme kweli. Miguu ilikwishainuka. Lakini nikachungulia kwenye tundu la geti nikamwona, kakonda, na begi, na nikaona madirisha ya ng'ambo, vichwa vimejipanga vinatazama. Nikajua wanatazama kitu gani. Nikimfungulia hapo, hata kama nitamtandika ndani, kwao nitakuwa nimefunika kombe. Watasema mama kamsitiri mwanawe na kumwacha mtoto wa mwenzie uchi. Nikasema moyoni, hakuniona mie, aliwaona kina Nusaiba. Aanzie kwao. Akitoka kwa Chausiku ndipo aje kwangu.

"Hodi, mama. Ni mie."

Sikujibu.

"Mama, nifungulie nikwambie. Nimetoka..."

Nimetoka Maskati, nimetoka mbali, nimechoka. Nilijua yanayofuata na sikutaka kuyasikia kwa sababu yangenishinda. Nikafungua redio, sauti ya juu kabisa.

Hodi ya tatu niliisikia kidogo tu, chini ya redio. Mtu akipiga hodi tatu asijibiwe, anarudi. Nilimfundisha mwenyewe, kabla hajaanza chuo cha Kurani. Nilipozima redio alikuwa ameondoka. Namshukuru Mungu angalau hilo kalikumbuka. Atakuwa kaenda kwa Chausiku sasa.

17 Aprili

Naandika wima, Chausiku ananisubiri getini, lakini nikitoka bila kuandika sitakuwa na akili ya kuandika nikirudi.

Kaja mwenyewe Chausiku asubuhi hii. Kapiga hodi, nikamjibu karibu kabla hajamaliza. Kaingia mpaka uani, kapaangalia ukutani pale palipobaki mashimo ya misumari, akakaa.

"Shoga," akasema, na nilitaka kulia kwa neno hilo moja, "mtoe mtoto. Wazee wako kwangu tangu alfajiri, na upande wa mume wamefika. Akiapa sasa hivi, ndoa leo baada ya swala ya Ijumaa."

"Mtoto gani?"

"Farhan. Si yuko ndani?"

Nikamwambia sikumfungulia. Nikamwambia nilitaka aanzie kwako.

Chausiku alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Kaanzia kwangu! Jana, kutoka uwanja wa ndege moja kwa moja, hata begi hajaweka. Kapiga magoti kwenye maji uani pale. Kamwomba radhi Nusaiba kupitia mlangoni, mpaka mtoto akamjibu. Mie ndiye niliyemkatalia asiingie. Nikamwambia nenda kwa mama yako kwanza, yeye akikufungulia nami nitakufungulia, siwezi kumsamehe mtoto kabla ya mamake. Nikamwona anakuja huku. Nikasema alhamdulillahi, yuko kwa mamake."

Nimetoka. Alikuwa anasema nimetoka kwa Ma Chausiku, na mie nikamfungulia redio.

Nilichukua simu nikampigia. Ikaita. Ikaita tena, mbele yangu, ndani ya kifua cha Chausiku. Akaingiza mkono akaitoa, inatetemeka, jina langu limeandikwa juu yake: Mama.

"Kanikabidhi jana," Chausiku akasema. "Si ndivyo tulivyotaka?"

Nimempigia Lulu. Hajamsikia tangu jana mchana. Nyumbani kwao Kunduchi hajafika. Kutwa nzima ya jana na usiku wa mvua, na mwanangu hana mlango hata mmoja mtaa huu, wala hana cha kumpigia mtu.

Chausiku kasema basi twende kwa miguu, tuulize nyumba kwa nyumba, mie nishike upande wa msikitini na yeye upande wa sokoni. Ananiita tena. Buibui langu liko wapi.